Alikuwa Nami Benchini

Mama yangu alipoanza kusahau, alisahau mambo mengi lakini mbwa hakumsahau. Aliisahau namba ya simu aliyoitumia miaka thelathini. Alisahau jina la marehemu dada yangu, kisha akaanza kuniita mimi kwa jina hilo hilo. Siagi tuliikuta kwenye kabati la nguo. Lakini Rusina, mbwa wake mdogo mwekundu mwenye mkia uliojikunja mgongoni, alimjua saa zote, na siku tuliyomhamishia kwetu mjini Lahti, mwezi wa nne, alishuka garini amempakata kama mtoto mchanga.

Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya nne, vyumba viwili na sebule. Mume wangu Harri alikuwa akifanya kazi mgodini upande wa kaskazini, wiki mbili huko na moja nyumbani, kwa hiyo mara nyingi tulibaki wanawake watatu: Mama, mimi, na binti yangu Vilja, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Vilja alimwachia bibi yake chumba akahamia kwenye kochi la sebuleni. Hakunung'unika hata siku moja. Nalitaja hili kwa sababu baadaye nilimlipa vibaya.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi tulikwenda uwanja wa mbwa, ule ulio nyuma ya shule ya zamani, kando ya barabara inayoteremka ziwani. Umezungushiwa waya mrefu kumpita mtu, na ndani umegawanywa mara mbili, upande wa mbwa wadogo na upande wa wakubwa. Mlangoni kuna malango mawili, la nje na la ndani, na katikati nafasi ya watu watatu hivi na mbwa wao. Sheria imebandikwa pale na kila mtu anaijua: usifungue la mbele kabla hujafunga la nyuma. Ukishaingia unamfungua mbwa wako kamba, anakimbia anavyotaka, nawe unasimama kwenye vipande vya mbao vilivyolowana unazungumza na watu ambao unayajua majina ya mbwa wao kuliko yao wenyewe.

Pale Mama alikuwa mtu. Nyumbani alikuwa mgonjwa, akizunguka jikoni akitafuta kitu asichokijua. Uwanjani alisimama wima, akawaita mbwa kwa majina, akacheka.

Aliyemchangamsha zaidi alikuwa Mzee Oiva. Alikuwa fundi seremala aliyestaafu, mjane, mwenye mbwa mkubwa mweusi wa manyoya marefu aitwaye Sulo. Sulo alikuwa na miaka kumi na moja, mdomo umeota mvi, na alitembea uwanjani kama mwenye nyumba anayekagua shamba. Oiva ndiye aliyempa Mama kazi.

"Bi Hilkka," alimwambia siku moja mwezi wa sita, "hapa hatuna mlinzi. Watu wanaingia ovyo kama sokoni. Wewe si ulikulia kwenye mifugo?"

"Ng'ombe kumi na wanne," Mama akasema. "Na fahali mmoja mwenye roho mbaya."

"Basi mbwa hawakushindi. Kuanzia leo lango ni lako. Mtu asipokuamkia, usimfungulie."

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye bosi wako, mama. Bosi anafunguliwa tu."

"Bosi gani, suruali imetoboka gotini!" Mama akajibu, na watu wote wakaangua kicheko, Oiva zaidi ya wote.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa mlinzi wa lango. Alifungua la nje, akamwingiza mtu na mbwa wake, akafunga, akahakikisha komeo kwa vidole viwili, ndipo akafungua la ndani. Hakukosea. Marketta, mama mmoja wa rika langu mwenye vijibwa viwili vilivyovalishwa masweta, alimpiga picha akaiweka kwenye kundi letu la simu: Mlinzi wetu mpendwa. Mama aliomba aonyeshwe picha ile kila siku kwa wiki nzima, na kila mara aliifurahia upya.

Kufikia mwezi wa tisa mambo yakawa yamebadilika. Siku nyingine alisimama langoni mkono juu ya komeo, asijue anataka kufungua au kufunga. Vilja ndiye aliyeliona kwanza.

"Mama, si bora mimi nisimame na Bibi pale?" aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Mwache. Ana nini kingine kilichobaki?"

"Lakini jana alivaa viatu vyangu akalia kwamba miguu yake imepungua."

"Nimesema mwache, Vilja."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba mwezi wa kumi na moja afisa wa huduma za wazee angekuja kumkagua Mama, aone kama anaweza kuendelea kukaa kwetu au apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilitaka aulizwe, "Unafanya nini siku hizi, Hilkka?" naye ajibu, "Mimi ni mlinzi." Huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Katika wiki hizo alihamia kijana mmoja kwenye ngazi ya jirani, yenye mlango wake wa kuingilia, jengo letu hilo hilo. Jina lake Miro, miaka ishirini na mitatu hivi, shingo imechorwa, kofia ya sweta kichwani, visikizi vya muziki masikioni kila wakati. Mbwa wake alikuwa wa kifua kipana na taya kama sanduku, wale ambao watu wakiwaona wanavuka barabara. Alimwita Pomo. Ukweli ni kwamba Pomo alikuwa mwoga. Kijibwa cha Marketta kilipombwekea alijificha nyuma ya miguu ya Miro. Lakini Marketta hakutaka kuliona hilo.

"Huyo siku atakayoamka vibaya, atakula mtoto wa mtu," alikuwa akisema, sauti ya kutosha kusikika.

Miro aliendelea kutembea na mbwa wake. Labda visikizi vilikuwa vinamsaidia.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya katikati ya mwezi wa kumi. Theluji ya majimaji ilikuwa ikidondoka tangu alfajiri, ile isiyokaa chini, inayeyuka tu na kukuingia kolani. Uwanjani tulikuwa wachache. Marketta alikuwa upande wa mbwa wadogo ametupa mgongo, anafuta mmoja wa mbwa wake tope. Oiva alisimama karibu na lango, mikono mfukoni. Mimi nilikuwa benchini namimina kahawa kutoka kwenye chupa, na Vilja kando yangu akila andazi la iliki. Mama alikuwa kazini kwake.

Miro aliingia na Pomo. Mama alimfungulia la nje, akalifunga nyuma yake, na Miro mwenyewe akafunga la ndani. Nilimwona. Alilivuta mara mbili ahakikishe, kisha akaenda kona ya mbali, kwenye misonobari, kama kawaida yake.

Nilinyanyua macho tena baada ya dakika moja, mbili labda. Mama alikuwa amelifungua lango la ndani, amelisukuma mpaka likagota ukutani mwa waya. Nikadhani kuna mtu anatoka. Kisha akalifungua la nje. Akasimama pembeni, akanyoosha mkono, na akawa anaita kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kike ya kitoto. Alikuwa anaita ng'ombe. Alikuwa anawafungulia ng'ombe waingie nyumbani.

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka, na kahawa ikawa inanimwagikia mkononi.

Sulo, mzee yule ambaye hakuwa amekimbia tangu majira ya kuchipua, aliona sungura upande wa pili wa barabara. Alipita kando ya Mama akiwa anakimbia kama mbwa wa miaka miwili. Gari la kusambaza vifurushi lilikuwa linateremka. Breki zililia, halafu tukasikia kishindo kimoja, si kikubwa.

Oiva alikimbia. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Tulimkuta amepiga magoti barabarani kwenye maji, ameliweka koti lake chini ya kichwa cha Sulo, anasema naye polepole kama unavyosema na mtu anayelala. Dereva, msichana mdogo, alikuwa akirudia, "Sikumwona, jamani, sikumwona." Tulimsaidia Oiva kumpakia mbwa kwenye gari hilo hilo la vifurushi wampeleke kwa daktari wa wanyama. Alikuwa bado anapumua. Tulipata habari mchana kwamba amekufa.

Lakini hayo ni baadaye. Pale pale, gari lilipokwisha ondoka, Marketta aligeuka akatutazama sote.

"Nani ameacha malango wazi?"

Akaelekeza kidole langoni.

"Nauliza, nani? Malango mawili yote! Nani aliingia mwisho?"

Macho yakaenda kwa Miro. Alikuwa amemshika Pomo kwa kamba fupi, amevitoa visikizi, uso umempauka.

"Mimi nilifunga," akasema. "Nililivuta mara mbili."

"Ulivuta! Na hizo takataka masikioni utajuaje umefunga au hukufunga?"

"Nilifunga, bwana. Yule bibi alikuwa pale langoni, muulizeni yeye."

Mama alikuwa nyuma yangu, ameshikwa mkono na Vilja. Alikuwa anatabasamu kidogo, anatazama barabarani.

Na mimi nikasema. Hata sikufikiri, nilisikia sauti yangu ikisema, imetulia kabisa, kama ya mtu anayetaja saa:

"Mama yangu alikuwa nami benchini."

Miro alinitazama. Nilitegemea atapiga kelele. Alinitazama tu, kisha akamtazama Vilja, kisha akamvuta mbwa wake akaondoka.

"Si niliwaambia?" Marketta akasema. "Mtu anajulikana kwa mbwa wake."

Tulirudi nyumbani. Jioni, kama kila Jumamosi, tulishuka chini kwenye sauna, chumba cha mvuke cha jengo letu, na Mama tulimwacha juu na Harri aliyekuwa amefika mchana. Vilja alikaa benchi la juu, magoti kifuani, jasho likimtiririka usoni, au si jasho.

"Mama, umesema uongo."

"Najua."

"Mbele ya watu wote. Na mimi nikiwepo."

"Vilja, nisikilize. Wakijua, afisa ataandika. Bibi ataondolewa. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki chochote. Nimesema tu umesema uongo."

"Basi na wewe ukae kimya. Kwa ajili ya Bibi. Umenisikia?"

Akayamwagia maji mawe ya moto, mengi kupita kiasi, mvuke ukatupanda sote wawili tukashindwa kupumua. Halafu akashuka akatoka. Kuanzia siku ile hakwenda tena uwanjani. Ikifika Jumamosi alisema ana kazi ya shule.

Marketta aliandika kwenye kundi. Hakulitaja jina, hakuwa na haja. "Mtu mmoja mwenye mbwa wa kutisha ametuulia Sulo wetu kwa uzembe." Watu sitini waliweka alama ya huzuni. Mmoja akauliza kama mbwa wa namna hiyo wanaruhusiwa. Mwingine akaandika namba ya jengo. Baada ya siku chache nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ngazi ya Miro: TUNAJUA UNAKOISHI. HATUKUTAKI UWANJANI. Nilisimama mbele yake na mifuko ya chakula mikononi. Ningeweza kuibandua. Kulikuwa na mtu anakuja nyuma, nikapita.

Miro akaanza kumtoa mbwa wake saa kumi na moja alfajiri, kwa kamba, kandokando ya uzio wa reli. Nilimwona dirishani kwa sababu Mama naye alikuwa anaamka saa hizo. Mbwa wa kifua kile anahitaji kukimbia. Alikuwa anazunguka na kuzunguka kwenye urefu wa kamba.

Mama alizidi kuuliza. "Yule mbwa mkubwa yuko wapi? Yule wa yule mwenye suruali mbovu?" Mara ya kwanza nilimwambia amekufa, akalia kama mtoto. Baada ya dakika kumi akauliza tena. Nikaanza kumwambia amesafiri. Uongo wa pili uliniwia rahisi kuliko wa kwanza, na wa tatu nikawa siuoni.

Asubuhi moja, nikimchana nywele, alinishika mkono. "Unajua," akasema, "niliwafungulia ng'ombe. Lakini hawakuja. Alitoka mmoja mweusi."

"Wapi, Mama?"

"Pale. Baba atanichapa?"

Nikamwambia hapana, Baba hatakuchapa. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikakaa sakafuni.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Miro. Nyuma yake alisimama Vilja, macho mekundu, begi la shule mgongoni.

"Huyu ni wako?" Miro akauliza.

"Kuna nini? Amefanya nini?"

"Amekuja kwangu analia. Amekaa kwenye ngazi yangu nusu saa kabla hajagonga. Ameniambia yote." Hakupaza sauti. "Sikuja kukutukana. Nimemleta tu, kwa sababu giza linaingia na yeye alikuwa anaogopa kurudi kwako."

Nikaufungua mlango zaidi.

"Miro, mimi..."

"Usimwachie mtoto kazi ya mtu mzima," akasema. "Hicho tu." Akashuka ngazi, lifti hakuingoja.

Vilja alipita kando yangu akaenda sebuleni, akajifunika blanketi hadi kichwani. Nilikaa ukingoni mwa kochi. Niliweka mkono pale nilipodhani ni bega lake, akausogeza.

"Kesho nitakwenda kwa Mzee Oiva," nikasema.

Blanketi halikujibu. Baadaye sana likasema, "Leo."

Nilivaa koti nikaenda.

Oiva aliishi nyumba ya mbao ya ghorofa moja, aliyoijenga mwenyewe. Alifungua akiwa na miwani ya kusomea. Jikoni hakukuwa na kitu chini pale ambapo zamani kulikuwa na bakuli mbili za mbwa. Ziliacha miviringo miwili mieupe kwenye mbao. Akaniwekea kahawa bila kuniuliza. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikutaka kukaa kwenye kiti chake kabla ya kusema. Nilisema yote: malango, ng'ombe, benchi.

Alikunywa kahawa yake hadi nusu.

"Nilikuwa hatua nne kutoka langoni, Tuire," akasema. "Unadhani nilikuwa natazama wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Ulimwona?"

"Nilimwona akifungua la ndani. Nikasema moyoni, aa, Bi Hilkka anacheza. Nikasubiri nione atafanya nini. Nilikuwa natabasamu, unaelewa? Alipofungua la nje nilikuwa bado natabasamu." Aliivua miwani. "Mimi ndiye niliyempa lango. Mtu mgonjwa. Nilimpa kwa mzaha, akacheka, nikajiona mtu mwema."

"Kwa nini hukusema? Siku ile, mbele ya Marketta?"

"Ulishasema wewe alikuwa nawe benchini. Ningesema nini mimi? Kwamba unasema uongo?" Alikizungusha kikombe mezani. "Hapana, hiyo si sababu. Nilihitaji mtu wa kumchukia. Mama yako siwezi kumchukia. Mwenyewe nilikuwa sina nguvu ya kujichukia, Sulo hajapoa. Yule kijana alinifaa. Alikuwa ameshaandaliwa tayari."

Tulikaa pale, mimi hatimaye nimekaa. Sikujua kama tunafarijiana au tunaaibishana. Aliniambia ameisoma ile karatasi mlangoni kwa Miro. Alipita mara mbili makusudi kuisoma. Mara ya pili alisoma ameridhika. "Mzee wa miaka sabini na sita," akasema, "nimesimama barabarani naridhika."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda uwanjani, mimi na Oiva, bila Mama na bila mbwa. Watu walikuwa wanane. Nilisema. Niliposema sauti ilinikatika mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyenisaidia. Oiva akaongeza yake, kwa maneno machache.

Marketta alikuwa wa kwanza kujibu.

"Kwa hiyo mmenifanya mimi niandike uongo."

"Tumekufanya uandike," Oiva akasema. "Maneno uliyachagua mwenyewe."

"Na wewe Tuire, mama mwenye hali hiyo unamletaje kwenye mbwa? Hukuona kwamba ni hatari? Mimi nilikuwa naona."

"Ulimpiga picha, Marketta," mtu mmoja akasema, na Marketta akaanza kuvivuta vijibwa vyake. Jioni aliandika kwenye kundi kwamba kumetokea kutoelewana. Kutoelewana! Watu saba tu waliweka alama.

Kwa Miro nilikwenda peke yangu. Karatasi ilikuwa imeshabanduliwa, imebaki gundi. Alifungua mlango nusu. Pomo alichungulia kati ya miguu yake. Nilisema nimemsingizia, nimeshawaambia wote, na naomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Umesema."

"Kama kuna chochote..."

"Hakuna. Unataka nikwambie haidhuru, ili ulale. Siwezi." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Mwambie mtoto wako asante." Akafunga.

Afisa alikuja mwezi wa kumi na moja, nikamwambia yote, pamoja na lango. Aliandika. Mama alipata nafasi kwenye nyumba ya wazee mwezi wa kwanza, mwendo wa dakika ishirini kwa basi. Siku ya kumpeleka alinikumbatia akanishukuru kwa kumkaribisha, akidhani alikuwa hotelini na sasa anarudi nyumbani. Rusina alibaki kwetu. Sheria zao haziruhusu mbwa kuishi pale, lakini tunaweza kumpeleka kumtembelea Jumapili, na Mama bado anamjua. Mimi ananijua siku nyingine.

Oiva hakuchukua mbwa mwingine. Nilimpigia simu Krismasi, tukazungumzia hali ya hewa kwa dakika nne. Nadhani tunaoneana aibu.

Vilja alirudi chumbani kwake. Kwa muda mrefu alinijibu kwa neno moja moja. Harri alisema ni umri tu. Haukuwa umri. Siku moja mwezi wa pili, bila kuambiwa, alivaa koti akasema, "Nitakuja nanyi," tukaenda naye uwanjani, siku ya kazi, baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, hakuna mtu. Rusina alikimbia kwenye theluji mpaka tukaona masikio tu.

Tulikuwa hapo robo saa hivi Miro alipotokea juu ya kilima na Pomo. Alituona akasimama. Akabaki pale pale, mbwa wake anasikilizia, mkia chini.

"Twende," nikamwambia Vilja. "Tumpishe."

"Si ana haki ya kuingia tukiwepo?"

"Anayo. Lakini hataingia nikiwepo mimi."

Tulimfunga Rusina kamba tukatoka. Tulipopishana naye njiani Vilja alisema, "Hujambo, Miro," naye akamjibu, "Sijambo. Wewe?" Mimi nilitikisa kichwa. Yeye aliinamisha chake kidogo sana, labda kwangu, labda kukwepa upepo.

Tulipofika barabarani nyuma yetu tulisikia mbwa mkubwa anakimbia, ile sauti kama ya kwato, nzito, mzunguko baada ya mzunguko, na pumzi zake. Vilja aligeuka kumtazama. Mimi niliendelea kutembea, na baada ya muda akanifikia, akatia mkono wake kwenye mfuko wa koti langu kwa sababu glavu zake alizisahau nyumbani.